Kakakuona wa Ofisi ya Vyeti

Katika nchi moja ambayo sitaitaja, kwa kuwa bado naishi humo, Serikali iligundua kwamba wananchi hawaoni wanyama. Misitu ilikuwapo, na wanyama walikuwapo. Waliokosekana ni wananchi, maana wote walikuwa kwenye foleni. Mtu anayefika ofisini saa kumi na moja alfajiri, akaambiwa saa tisa alasiri kwamba arudi kesho, huyo twiga atamwona saa ngapi?

Serikali yetu ina huruma. Haikuona sababu ya kufupisha foleni, jambo ambalo lingevuruga mipango mingi. Iliwaleta wanyama kwenye foleni. Ukatoka mwongozo wa kurasa mia mbili na sita, uitwao Kila Ofisi na Mnyama Wake, ukiagiza kwamba kila ofisi ya umma iweke mnyama hai mahali pa wazi penye mwanga, ili mwananchi anayesubiri huduma apate wakati huohuo huduma ya kutazama.

Wanyama waligawanywa kwa bahati nasibu ili pasiwe na upendeleo. Mahakama ilipata kobe. Idara ya Ardhi ilipata kinyonga, na baada ya wiki moja hakuna aliyeweza kusema yuko wapi wala ana rangi gani. Mamlaka ya Kodi ilipata mamba, na huko hakuna aliyeshtuka. Watu walisema wamezoea. Hospitali kuu ilipata bundi, akawekwa juu ya mlango wa wodi ya wagonjwa mahututi, na taarifa ya robo mwaka ikaonyesha kwamba wagonjwa wamepungua kwa asilimia tisini, wengi wakiwa wametoka kwa miguu yao wenyewe.

Ofisi ya Vyeti, inayotoa vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa na vya vifo, ilipata kakakuona.

Nami nikapata kazi. Nilikuwa na shahada ya elimu ya wanyamapori na miaka miwili ya kukaa nyumbani nikiandika barua. Cheo changu kilikuwa Mlezi wa Kiumbe Hai cha Maonyesho, Daraja la Tatu. Mama aliitia barua yangu ya ajira kwenye fremu, akaitundika mahali ilipokuwa saa ya ukutani. Nilikwenda kazini nikiwa na imani moja: mtu akimwona mnyama kwa macho yake atampenda, na akishampenda hatamdhuru. Imani hiyo ninayo hadi leo, ila sasa naishika kwa mikono miwili.

*

Kakakuona ni mnyama mpole mwenye magamba kama tunda la msonobari na ulimi mrefu kuliko maneno yake. Anakula mchwa na sisimizi tu. Akiogopa, hakimbii wala haumi. Anajikunja akawa mpira, kichwa ndani, mkia juu yake, anangoja hatari ipite.

Aliwekwa ndani ya sanduku la kioo katikati ya ukumbi, karibu na dirisha namba nne, chini ya taa sita. Kwenye kioo palibandikwa maandishi: KAKAKUONA. USIGONGE KIOO. Herufi zilikuwa ndogo, kwa hiyo watu waligonga kioo ili kuwaonyesha wenzao mahali pa kusoma.

Siku ya uzinduzi Mkurugenzi wetu, Bwana Ngarambile, alihutubia kwa dakika sabini.

"Ndugu wananchi," alisema, "zipo nchi zinazojiita zimeendelea, lakini mwananchi wao akiwa kwenye foleni anatazama ukuta! Sisi ukuta tumeuacha nyuma. Mtazameni kiumbe huyu. Mmeona alivyojikunja? Huo ni unyenyekevu. Hivyo ndivyo mtumishi wa umma anavyotakiwa kumpokea mwananchi!"

Watu wakapiga makofi. Kwa kila kofi mpira ulizidi kukaza.

Katika nchi yetu ipo desturi ya tangu mababu: kakakuona akionekana, watu humwekea mbele yake bakuli la maji, jembe, unga na mkuki, kisha hurudi nyuma kungoja aelekee wapi. Akienda kwenye maji, mvua zitakuwa njema. Akienda kwenye mkuki, Mungu atunusuru. Foleni haikuisahau desturi hiyo. Kabla ya saa nne asubuhi kulikuwa na mabakuli na majembe mbele ya kioo, na mzee mmoja aliweka stakabadhi ya maombi ya cheti chake, ajue kama kitatoka mwaka huo.

"Dada, huyu amekufa?" aliniuliza baada ya saa mbili.

"Hajafa, mzee. Anaogopa."

"Anaogopa nini naye ana kazi ya kudumu?"

*

Tatizo la kwanza lilikuwa chakula. Nilikwenda kwa Afisa Utumishi, Mama Sikudhani, mama mtu mzima anayejua kanuni zote kwa namba zake.

"Mwanangu," alisema, "mwongozo unasema mnyama awekwe. Haukusema ale."

"Atakufa, mama."

"Nimekusikia. Lakini ndani ya jengo hili kuna fungu moja tu la kitu cha kuingia mdomoni, nalo ni chai na maandazi ya watumishi. Huyo wako ni mtumishi?"

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu. Nililifanya kwa upendo, nikiwa nimesimama wima, nikiona nimetumia akili.

"Je, akiwa mtumishi?"

Mama Sikudhani alinitazama kwa juu ya miwani, akavuta fomu. Iliuliza majina matatu. Nikaandika Kakakuona Msitu Ng'ambo, kwa kuwa alitoka Msitu wa Ng'ambo. Tarehe ya kuzaliwa, nikaandika tarehe moja Julai, kama watu wote ambao mama zao hawakuwa na kalenda. Umri, nikaandika miaka kumi na minane, kwa sababu chini ya hapo haajiriwi mtu. Ilihitajika nakala ya cheti cha kuzaliwa, nasi tulikuwa Ofisi ya Vyeti. Akawa kiumbe wa kwanza katika historia yetu kupata cheti siku ileile alipoomba. Foleni ilishangilia. Walisema kumbe inawezekana.

Kuanzia siku hiyo, kila saa nne nilidondosha maandazi mawili kupitia tundu la juu ya kioo. Hakuyala. Lakini maandazi yaliita sisimizi, na sisimizi walikuja kwa mstari mrefu ulionyooka kuliko foleni yetu. Saa kumi na mbili jioni, mlinzi akishamtoa mtu wa mwisho na ukumbi ukiwa mtupu, mpira ulifunguka polepole, ukatoka ulimi, akala. Mimi nilitazama kupitia ufa wa mlango wa stoo. Nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote katika utumishi wa umma.

*

Furaha hiyo ilidumu miezi miwili. Kisha Bwana Ngarambile alirudi kutoka semina akiwa na wazo.

"Huduma saa ishirini na nne!" alitangaza. "Kuanzia leo ofisi hii haifungwi!"

Watu walirukaruka. Ikabidi afafanue. Makarani wataendelea kuondoka saa tisa na nusu kama kawaida. Huduma itakayotolewa saa ishirini na nne ni ya kupanga foleni. Mwananchi hatalazimika tena kwenda nyumbani na kupoteza nafasi yake.

Wakaja na mikeka, majiko na watoto. Ukumbi haukuwa mtupu tena hata dakika moja, taa sita hazikuzimwa, na kakakuona hakujikunjua. Sisimizi walikula maandazi, wakashiba, wakaenda zao. Siku ya tatu magamba yake yalipoteza mng'aro. Siku ya tano niliuinua ule mpira kwa kijiti kupitia tundu, nikausikia umekuwa mwepesi kama kifuu.

Nilikwenda kwa Mkurugenzi mbio, nikamwomba amwachie.

"Angekuwa mnyama tu," alisema kwa masikitiko ya kweli, "ningemwachia sasa hivi. Lakini huyu ni mtumishi wa umma, Resti. Ana haki zake. Siwezi kumtupa porini kama mbwa. Nani alimwajiri?"

"Mimi, mheshimiwa."

"Hongera sana."

Mama Sikudhani alinipitisha kwenye kanuni. Kustaafu ni miaka sitini, bado arobaini na miwili. Nilimwambia kakakuona haishi hata nusu ya hiyo. Alisema basi atastaafu akiwa marehemu, wengi hufanya hivyo. Kuacha kazi kunataka barua ya mkono wake mwenyewe. Likizo, vilevile. Ugonjwa, lazima amweleze daktari anapoumwa.

"Imebaki uhamisho," alisema akishusha sauti, kama mtu anayetaja dawa ya kienyeji. "Ila huondoki kituoni mpaka nafasi yako izibwe. Tafuta wa kubadilishana naye, mwanangu. Wa daraja lake, aliyeko huko anakotaka kwenda."

Kila mtumishi wa nchi yetu anaujua ubao ule kwenye korido, uliojaa vipande vya karatasi: mwalimu yuko kusini, mume yuko kaskazini, anatafuta mwenzake. Nilibandika changu katikati. "Mtumishi mtulivu, hanywi pombe, hana familia, yuko mjini kwenye jengo zuri, anatafuta wa kubadilishana naye Msitu wa Ng'ambo. Ni haraka."

Simu ililia siku ileile.

"Naitwa Lugongo, mlinzi wa msitu. Miaka kumi na tisa niko Ng'ambo. Huyo mwenzangu ni mzima kweli? Aache mji aje huku?"

"Anapenda msitu, mzee."

"Heshima yake. Mke wangu anauza vitumbua hapo mjini kwenu, kwenye geti la Ofisi ya Vyeti. Tangu nioe nimelala nyumbani siku mia moja na nne, nimezihesabu. Kazi yake yeye ni ipi?"

Nilisita. Mpira ulikuwa mbele yangu, haupumui sana.

"Ni ya kukaa tu, mzee. Unakaa, watu wanakutazama."

Alicheka mpaka simu ikakwaruza. "Kumbe ni kama ya mkurugenzi! Nakuja."

Kioo sikukitaja. Niliamini kwa moyo wangu wote kwamba hakuna ofisi duniani inayoweza kumweka mtu mzima ndani ya kioo.

*

Madaraja yalilingana: mmoja alikuwa na miaka kumi na tisa kazini, mwingine miezi mitatu, wote Daraja la Tatu. Barua zikatoka. Mzee Lugongo aliwasili na begi la turubai na tabasamu la bwana harusi. Mimi niliuweka mpira wangu kwenye kapu, nikasafiri siku mbili.

Huko Ng'ambo niliweka kapu chini ya miti, karibu na kichuguu, nikakaa hatua kumi nikitazama. Hakujikunjua. Nilimnong'oneza kwamba amefika. Hakujikunjua. Jua lilipofika utosini ndipo nilipoelewa: foleni ilikuwa mimi.

Nikainuka, nikatembea bila kugeuka mpaka nilipohesabu hatua elfu moja, nikakaa juu ya jiwe nikitazama upande mwingine. Niliporudi kapu lilikuwa limelala ubavu. Kichuguu kilikuwa kimefumuliwa, na mstari wa mkia ulielekea kwenye vichaka. Kwa hiyo sikumwona akiondoka. Hakuna aliyemwona.

Nililia kidogo, kisha nikarudi mjini nikiimba.

*

Ukumbini, chini ya taa sita, ndani ya kioo, Mzee Lugongo alikuwa ameketi juu ya begi lake akinywa chai.

"Karibu, binti!" alisema kupitia tundu. "Wameniambia makabidhiano yanafanyikia humu ndani. Nimeshasaini. Hapa hapavuji, hakuna tembo, na chai inashuka yenyewe kutoka juu. Ila sioni pa kutokea."

Nilikimbilia kwa Mama Sikudhani.

"Nafasi iliyo kwenye orodha ni Kiumbe Hai cha Maonyesho," alisema, akinionyesha kwa kidole. "Anapumua?"

"Anapumua, lakini ni mtu!"

"Mwongozo unasema kiumbe hai. Haukusema asiwe mtu. Mwanangu, mimi nimeuliza mara mbili huko juu. Wamenijibu kwa barua kwamba swali langu ni zuri."

Mkurugenzi naye alikuwa ameridhika. Maandishi yalibadilishwa yakawa BINADAMU (MLINZI WA MISITU). USIGONGE KIOO. Foleni ilimtazama siku moja nzima kwa mshangao, siku ya pili ikamzoea, siku ya tatu ikamwekea maji na jembe.

Ubaya ni kwamba yeye alijibu. Kutoka kwenye kioo aliweza kuona nyuma ya madirisha, na alikuwa na macho ya mlinzi.

"Wewe mama wa kilemba," aliita, "faili lako limewekewa birika. Usingoje mwaka huu. Wewe kijana, lako sijaliona kabisa."

Ilikuwa kweli yote. Hakuna kakakuona aliyewahi kutabiri hivyo. Baada ya siku nne Bwana Ngarambile alishuka na waraka: kiumbe cha maonyesho hakisemi. Tundu likawekewa kifuniko, kinachofunguliwa saa nne kwa ajili ya maandazi.

Mkewe, Bi Mwanaidi, aliacha ndoo yake ya vitumbua getini akaja kusimama mbele ya kioo. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye unga kwenye viwiko. Mzee Lugongo aliinuka, akaweka kiganja upande wake. Mke akaweka chake upande huu. Mlinzi wa ukumbi akamwambia asiguse kioo.

"Binti," alinigeukia, "kazi wamempa, nashukuru. Anatoka saa ngapi?"

"Nafuatilia, mama."

"Miaka kumi na tisa watu wakiniuliza mume wangu yuko wapi, nilikuwa nasema yuko mbali. Sasa nisemeje?"

Nilifuatilia. Niliandika barua kumi na tatu. Usiniulize zilikwenda wapi. Kila moja ilipokelewa kwa heshima na kugongwa muhuri. Wakati huo Mzee Lugongo aliacha kutembea mle ndani, kisha akaacha kukaa. Alilala kwa ubavu, magoti kifuani, mkono juu ya kichwa. Vitumbua vya mkewe nilivyovidondosha saa nne vilizungukwa na sisimizi.

*

Barua ya kumi na nne haikuwa yangu. Ilitoka Kanda ya Misitu. Mama Sikudhani alinisomea: Ndugu Kakakuona Msitu Ng'ambo hajaripoti kituo kipya wala kusaini kitabu cha mahudhurio, anahesabiwa mtoro, amefukuzwa kazi na hana madai yoyote kwa Serikali.

"Amefukuzwa!" Nilimkumbatia Mama Sikudhani. Sijawahi kusikia neno tamu kama hilo. "Mama, basi nafasi ya Ng'ambo iko wazi! Mzee Lugongo arudishwe!"

Alinitoa mikono taratibu, akavua miwani.

"Arudi kwa kubadilishana na nani? Uhamisho ule ulikuwa wa watu wawili. Upande wa pili sasa hauna mtu." Akakunja barua. "Mmoja akitoka kabisa, mwanangu, mwenzake amebaki kabisa. Ndivyo ilivyoandikwa."

Nilikwenda kwenye kioo. Ilikuwa saa nne, nikafungua kifuniko, nikamweleza yote, na kile nilichoficha kwenye simu nikakisema pia. Kisha sauti ikatoka chini ya mkono, ndogo.

"Alipofika huko, alifanyaje?"

"Alibaki amejikunja, mzee. Mpaka nilipoondoka. Hapakuwa na mtu wa kumtazama, ndipo akajikunjua akaenda zake."

Aliinua kichwa kidogo. Alitazama ukumbi: mikeka, majiko, watoto, watu mia nne wanaosubiri karatasi moja moja.

"Na hawa," aliuliza, "wataondoka lini?"

"Vyeti vikitoka, mzee."

Akarudisha kichwa chini.

Nilisimama pale nikiwa nimeshika kifuniko. Kushoto kwangu palikuwa na dirisha namba nne. Lilifungwa siku karani wake alipostaafu, na kiti chake kilikuwa bado na mto. Nikawaza: cheti ni nini? Ni jina, tarehe na muhuri. Kuandika najua. Muhuri uko kwenye droo. Watu mia nne si wengi. Ningetoa vyeti arobaini kwa siku, na siku ya kumi ukumbi ungekuwa mtupu, taa nizizime mimi mwenyewe, na hapo tungeona kama kioo kinaweza kumzuia mtu asiyetazamwa na yeyote.

Nikaingia nyuma ya dirisha namba nne. Nilifuta vumbi kwenye kioo chake kwa kiganja, nikakaa, nikafungua droo, nikaweka muhuri mezani. Nikainamia tundu la kusemea.

"Anayefuata!"

Watu mia nne walinigeukia, na hakuna aliyesogea, kwa maana hakuna kati yao aliyewahi kuiona foleni ikitembea, wala hawakujua mguu unaoanza ni upi.

"Anayefuata," nilisema tena. "Njooni, ndugu zangu. Jina lako nani, mama?"

Yule mama wa kilemba, aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni, alinitazama kwa muda mrefu, kichwa ameinamisha upande. Halafu alikuja, mikono yote miwili imeshika kitu. Nilichukua kalamu kwa furaha.

Akainama, akaweka bakuli la maji mbele ya kioo changu. Mwenzake wa nyuma akampa jembe, akaliweka kando ya bakuli. Kisha wote wawili wakarudi nyuma hatua mbili, wakangoja kuona nitaelekea wapi.